Ngoma Zisizo na Ngozi

Katika kazi zote za studio ya muziki, kupima viwango vya ngoma ndiyo kazi isiyo na mshabiki, kwa kuwa ikifanywa vyema hakuna anayeitambua, na ikifanywa vibaya lawama humwendea mwimbaji, ambaye huambiwa kwamba sauti yake haina nguvu, ilhali kilichomzidi ni ngoma iliyoachwa juu kuliko inavyostahili. Kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu ngoma zenyewe zilipogeuka kuwa sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa kutoka ngoma halisi na kuhifadhiwa ndani ya programu, ambavyo mtu huviamsha kwa kubonyeza vitufe vya kinanda au kwa kuvipanga kwenye kioo cha kompyuta. Ngoma za aina hii hutolewa kila moja kwenye njia yake: ngoma kubwa ya mguu ina njia yake, sneya, ile ngoma ya kati yenye nyaya chini ya ngozi, ina yake, haihati, yaani matoazi mawili yanayofungwa kwa kanyagio, ina yake, na kila njia ina kitelezi, kidude kinachosukumwa juu au chini ili sauti iongezeke au ipungue. Mkono unaoviendesha vitelezi hivyo unastahili sifa ambazo haujawahi kupewa, na katika ukanda wa shaba, kuanzia Lubumbashi hadi Sakania, unastahili pia kuhurumiwa.

Sakania iko kusini-mashariki mwa Haut-Katanga, mpakani na Zambia, mahali ambapo reli kutoka kusini iliingia Kongo mwaka 1909 kabla ya kufika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tangu hapo mji umekuwa mlango wa kupitisha shaba kwenda Ndola na kupokea mengine mengi kutoka huko, muziki ukiwa mojawapo. Kwa upande mmoja huingia rumba na seben ya Kongo, seben ikiwa ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambamo gitaa huachiwa huru na wachezaji huinuka. Kwa upande wa pili huingia kalindula ya Zambia, ambayo uti wake wa mgongo ni babatoni, gitaa kubwa la besi lililochongwa kwa mkono. Walamba na Walala wako pande zote mbili za mpaka, na sherehe zao hazikuwahi kuuliza paspoti. Fundi wa studio anayefanya kazi katika mji wa namna hii huletewa, katika wiki moja, kwaya ya parokia, kikundi cha injili na kijana anayetaka kalindula, na kwa wote hao hutumia ngoma zilezile zilizomo ndani ya programu moja.

Zamani kazi ya kupima viwango haikuwa ya mtu mmoja. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati ngoma hazikupigwa moja moja bali kwa familia, ndogo ikishika mdundo usiobadilika, ya kati ikijibu, na kubwa, au ile iliyoko mikononi mwa mzee wa kikundi, ikisema. Kabla ya kuanza, ngozi zilipashwa moto wa majani makavu ili zikaze, na nta nyeusi ilibandikwa katikati ya ngozi, ikaongezwa au kubanduliwa kidogo kidogo kwa kidole gumba, hadi sauti ya ngoma ikawa nzito kiasi kinachotakiwa na kukaa mahali pake kati ya wenzake. Mpigaji aliyezidisha nguvu hakuhitaji kuambiwa kwa maneno, kwa sababu mcheza ngoma alikosa hatua na mzee alimtupia jicho. Kiwango cha sauti kilikuwa makubaliano ya watu waliokaa karibu kiasi cha kuhisi pigo la jirani kwenye goti, na hata mazingira yalishiriki, kwani ngoma ya uwanjani haikuwambwa kama ngoma ya ndani. Katika miji ya migodi makubaliano hayo yalipata vyombo vipya: J. Clyde Mitchell, aliyechunguza ngoma ya kalela huko Luanshya mwaka 1951, aliandika juu ya ngoma zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, vyombo vyenye kishindo kinachoweza kuzishinda kelele za mji wa migodi. Hata mapipa hayo yalikuwa na watu nyuma yake, na watu hao walisikilizana.

Kipaza sauti kilipofika, upimaji ulihama kutoka kwa wapigaji ukaenda kwa mtu mwingine, na hapa kuna picha moja inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana na ambaye mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, alipita Katanga mwaka 1952 na mitambo yake ya kurekodia, na huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga wimbo wa Masanga kwa gitaa moja. Tracey alikuwa na desturi ambayo mafundi wengi wa wakati wake wangeiona ya ajabu: hakukiweka kipaza sauti juu ya nguzo na kuondoka, alikishika mwenyewe mkononi, akasimama mbele ya wapigaji na kukisogeza wimbo ukiendelea. Kikundi kilipoanza, mkono ulikuwa mahali ambapo wote walisikika. Mwimbaji alipoingia, mkono ulimfuata. Ngoma kubwa ilipotaka kumeza kila kitu, mkono ulirudi nyuma, labda kwa upana wa kiganja tu, nao upana huo ulitosha kuibadilisha rekodi nzima.

Hakukuwa na njia nyingi za kurekebisha baadaye. Kilichoingia kwenye utepe kilikaa humo milele, na kwa hiyo uamuzi wote wa viwango ulifanywa papo hapo, kwa bega, kiwiko na sikio, na mtu aliyepaswa kuujua wimbo kabla haujafika mwisho ili mkono wake usichelewe. Inafaa kukiri kwamba mkono huo ulikuwa wa mgeni, na kwamba yeye ndiye aliyeamua nani asikike mbele na nani nyuma bila kuwauliza wenye muziki. Jambo hilo limejadiliwa sana na litaendelea kujadiliwa. Hata hivyo, anayezisikiliza rekodi zile leo husikia umbali. Husikia kwamba ngoma iko pale na mwimbaji yuko hapa, na kwamba kati yao kuna hewa. Wapiga gitaa wengi wa Katanga wa kizazi kile waliandamana na mtu mmoja wa kugonga chupa ya soda, na mlio wa chupa, ambao kwa asili ni mkali kiasi cha kutoboa sikio, aliyeurekodi vizuri aliuacha ukiwa mwembamba, nyuma kidogo ya nyuzi, mahali unapoweza kuhesabiwa bila kusumbua. Hiyo chupa ndogo ni mtihani mzuri kwa fundi yeyote. Miaka michache baadaye, mwaka 1958, Missa Luba, misa ya Kamina iliyoongozwa na padri Guido Haazen, ilipeleka ngoma za Katanga na sauti za wavulana wa kwaya katika santuri zilizosikika Ulaya, na humo pia ngoma huwabeba waimbaji bila kuwafunika.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Mwaka 1980 Roger Linn alitoa mashine yake ya LM-1, iliyotumia sampuli za ngoma halisi na kuipa kila ngoma tundu lake la kutolea sauti. Mwaka 1983 vyombo vya elektroniki vilipata lugha ya pamoja iitwayo MIDI, ambayo hutaja kila pigo kwa namba, pamoja na nguvu yake kwa kipimo cha hadi 127. Na baadaye yote hayo yalihamia ndani ya kompyuta ambayo kijana wa Sakania anaweza kuinunua ikiwa imetumika. Kilichopotea katika safari hiyo ni ule ukaribu. Ngoma kumi na mbili ziko kwenye njia kumi na mbili, hakuna inayoisikia nyingine, na hakuna mzee wa kutupa jicho. Upimaji wote uliofanywa na goti, moto, nta na kiwiko umeangukia kidole kimoja kilichoko juu ya kipanya.

Kidole hicho kinafanya kazi ndani ya hesabu isiyo na huruma. Sauti katika kompyuta hupimwa kwa desibeli kuanzia sifuri kwenda chini, sifuri ikiwa dari ambayo juu yake hakuna kitu: wimbi la sauti likiigonga dari hiyo kilele chake hukatwa bapa, na badala ya ngoma husikika mkwaruzo. Mtu asiyezoea huipandisha kila njia hadi karibu na dari kwa kudhani kwamba ndivyo ngoma inavyopata nguvu, akisahau kwamba njia hujumlishwa. Sauti mbili zinazofanana kabisa na zenye nguvu sawa zikiunganishwa huongezeka kwa desibeli 6, na zisizofanana huongezeka kwa 3 hivi, kwa hiyo njia nane zenye nguvu sawa zikikutana kwenye pigo moja zinaweza kuongeza 9. Aliyeziacha zote kwenye hasi 6 tayari yuko juu ya dari kabla gitaa halijaingia. Ni kweli kwamba programu za leo hufanya hesabu zao za ndani kwa nafasi pana, hivi kwamba njia ikivuka sifuri haiharibiki papo hapo, lakini ukataji humngoja fundi mlangoni, pale wimbo unapotolewa.

Fundi mzuri huanza chini. Huacha vilele vya kila ngoma vicheze kati ya hasi 18 na hasi 12, na hana wasiwasi wa kupoteza ubora, kwa sababu katika rekodi ya biti 24 kila biti hubeba takriban desibeli 6, na nafasi tupu ya desibeli 12 inamgharimu biti mbili tu, akabaki na nyingi kuliko zile 16 za sidii. Kisha hufanya jambo ambalo wenye haraka huliruka: huviteremsha vitelezi vyote, akaanza na maikrofoni za juu. Ngoma nyingi za kompyuta zilirekodiwa zikiwa na maikrofoni zilizotundikwa juu ya mpigaji na nyingine zilizowekwa mbali chumbani, na sauti za maikrofoni hizo hupewa njia zao, kwa hiyo sneya haikai kwenye njia moja, inasikika pia kwenye njia za juu na za chumba. Anayeanza na njia za juu husikia seti nzima kama chombo kimoja, ndipo huipandisha njia ya ngoma ya mguu taratibu mpaka ijitokeze, na ya sneya mpaka ipate umbo, akiacha mara tu inapotosha. Anayeanza na sneya peke yake, akaitengeneza hadi ikampendeza ikiwa uchi, hugundua akifungua njia za juu kwamba sneya ileile inamrudia kutoka pande tatu, na kwa kuwa sauti huchukua muda kusafiri hadi kwenye maikrofoni ya mbali, mawimbi hayo huweza kupishana na kufutana, sneya ikapoteza kifua chake hata kitelezi kikipandishwa.

Kuna kosa jingine la siri zaidi, nalo ni kutumia kitelezi pale palipohitajika pigo. Ngoma iliyopigwa kwa upole haitofautiani na iliyopigwa kwa nguvu kwa ukubwa wa sauti pekee, kwani ngozi iliyochapwa hung'ata na iliyoguswa huvuma, na ndiyo sababu watengenezaji wa ngoma za kompyuta hurekodi kila ngoma mara nyingi, kuanzia pigo dogo hadi kubwa, na kumwachia mtumiaji achague kwa ile namba ya nguvu. Kijana anayeandika mapigo yote kwa 127, kisha akaishusha njia kwa sababu ngoma inapiga kelele, hupata kelele ya mbali. Mwenzake mwenye subira huketi kwenye orodha ya mapigo, akapunguza moja hadi 64, jingine hadi 80, akaacha moja tu katika vipimo vinne lipande, na baada ya hapo kitelezi hakina kazi kubwa. Kazi hii huchukua jioni nzima kwa wimbo mmoja, na umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, huanza upya.

Muziki wa Kongo unaudai uangalifu huo kuliko mwingine. Mdundo wa kavasha, ambao Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa aliueneza katika miaka ya 1970 na ambao husimuliwa kwamba ulizaliwa kutokana na mngurumo wa treni kati ya Brazzaville na Pointe-Noire, hauna pigo moja zito la kujivunia. Sneya na haihati hukimbia pamoja bila kukoma, mapigo madogo yakiwa mengi kuliko makubwa, na ngoma ya mguu huweka alama tu ili besi ipite. Programu nyingi za ngoma, kwa upande wake, huja na viwango vilivyopangwa tayari kwa ajili ya roki ya Marekani na Uingereza, ngoma ya mguu ikiwa kama nyundo na sneya ikilipuka kwenye pigo la pili na la nne. Anayemimina seben ndani ya mpango huo bila kugusa kitelezi hupata treni inayosimama kila stesheni. Kwa kalindula hali ni mbaya zaidi, maana ngoma ya mguu iliyovimba hukalia masafa yaleyale ya chini ambayo ni makao ya babatoni, na chombo kilichoupa muziki ule uti wake husikika kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta.

Juu ya hesabu zote hizi wako watu waliojaa chumbani. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na katika studio kila mmoja ni mwamba ngoma: mpiga gitaa anaomba gitaa lipande kidogo, mpiga kinanda anaomba kinanda, kiongozi wa kwaya anawaombea soprano, na mchungaji aliyelipa pesa anataka ngoma isikike hadi barabarani. Fundi dhaifu huwapandishia wote, na mwisho wa saa moja kila kitu kiko pale kilipokuwa isipokuwa karibu zaidi na dari. Fundi wa kweli husema ndiyo, kisha hushusha kingine. Akitaka kumsikilizisha mtu gitaa, huipunguza haihati kwa desibeli 2, na mpiga gitaa huondoka akishukuru kwa kupandishiwa.

Fundi huyo pia hupima kwa sauti ndogo. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti nene na nyembamba kwa usawa, na kwamba upungufu wake kwa sauti nene huwa mkubwa zaidi sauti ikiwa ndogo. Kwa hiyo anayepima ngoma kwa spika zinazotikisa dirisha hudanganywa na kishindo kinachomfurahisha, na wimbo wake ukichezwa kwa sauti ndogo nyumbani ngoma ya mguu hutoweka. Dawa yake ni kupunguza sauti ya spika hadi watu waweze kuzungumza muziki ukiendelea, kisha kutoka nje na kusikiliza kutoka ukumbini kupitia mlango ulio wazi, ambako mambo matatu hujidhihirisha mara moja: nani anaongoza, nani anapiga kelele na nani hayupo.

Haraka ya leo haina mlango wa kutokea. Wimbo hupimwa kwenye simu, na kwa kuwa spika ya simu haina sauti nene, ngoma ya mguu hupandishwa hadi isikike hata humo, kisha kifaa cha kubana sauti huwekwa mwishoni ili kuukandamiza wimbo mzima hadi kila pigo lilingane na jingine, na matokeo huitwa sauti nzito. Mashindano hayo ya ukelele hayana hata faida yanayoitafuta. Majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki hupima ukubwa wa wimbo kama sikio linavyouhisi, kwa kipimo kiitwacho LUFS, na Spotify huulinganisha kwa kawaida kwenye hasi 14. Wimbo uliokandamizwa hadi hasi 7 hushushwa tu, ukakaa sawa na jirani yake aliyeacha ngoma zake zipumue, isipokuwa wa kwanza umebaki bapa.

Huzuni ya mambo haya haiko kwenye mashine. Ndani ya programu moja kuna sneya za mbao na za shaba, huenda baadhi ya shaba hiyo ikiwa imetoka Katanga, na kuna ngoma za mguu za miaka ya 1950, 1960 na 1970 zilizorekodiwa katika studio mashuhuri za dunia kwa subira kubwa. Ngoma ya Walamba iliyopashwa moto wa majani, yenye nta katikati, ikipigwa kwa nguvu ndogo hadi kubwa ili kijana wa Sakania aipate kwenye kitufe, ni nadra mtu kuipa subira kama hiyo, ingawa wapo wazee wanaoweza kuipiga na vijana wenye kompyuta za kuirekodi, wote wakiishi katika mji mmoja. Kanda za Tracey zimetunzwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, na mtu anaweza kwenda kuzisikiliza na kujifunza mkono ulisimama wapi. Rekodi nyingi za studio ndogo za leo hazina pa kutunzwa. Wimbo wa kwaya ukishatolewa, njia zake zote hufutwa ili diski ipate nafasi ya mteja anayefuata, na kinachobaki kwenye simu za waumini ni faili moja la MP3 ambalo vilele vyake vimekwisha kukatwa, na ambalo hakuna fundi wa baadaye, hata awe na sikio la namna gani, atakayeweza kuitenga kikamilifu ngoma ya mguu iliyomo ndani yake wala kujua sneya ilipigwaje.